Kona ya Chini, Kulia

Mchoro mkubwa wa jengo ukikunjwa inavyotakiwa, mwishowe hubaki na ukubwa wa karatasi ya barua, na kinachoonekana juu yake ni sehemu moja tu: kona ya chini, upande wa kulia. Hapo ndipo penye jina la mradi, jina la mwenye mali, namba ya mchoro, skeli, tarehe, na herufi za majina ya aliyechora na aliyekagua. Karani wa masijala haukunjui ili ajue ni wa nani. Wajerumani waliandika kiwango kizima, DIN 824, kuhusu ukunjaji wa michoro. Nacho kiwango cha kimataifa cha ISO 7200 kinalipa jedwali hilo la utambulisho upana wa milimita 180. Ongeza milimita 20 za pambizo ya kushoto, panapotobolewa matundu ya faili, na 10 za pambizo ya kulia. Jumla ni 210, upana kamili wa karatasi ya A4.

Karatasi zenyewe zina ukoo wake. Mjerumani Walter Porstmann ndiye aliyeshughulikia vipimo vilivyotangazwa mwaka 1922 kama DIN 476: A0 ina eneo la mita moja ya mraba, milimita 841 kwa 1189, na kila ukiikata katikati unapata inayoifuata, A1, kisha A2, kisha A3, zote zenye umbo lilelile. Siri yake ni uwiano wa pande, ambao ni kipeuo cha pili cha 2.

Uzuri wa hesabu hiyo una mtego ndani yake. Mchoro wa A1 uliochorwa kwa skeli ya 1:100 ukipunguzwa kwenye mashine ya fotokopi hadi A3, kila mstari hufupika kwa nusu na skeli yake huwa 1:200. Maandishi ya kwenye kona hayana habari. Yanaendelea kusema 1:100. Na A3 ndiyo inayofika saiti mara nyingi, kwa kuwa mashine yake inapatikana kwenye steshenari za mtaani, ilhali ya A1 hutafutwa mjini. Fundi akiweka rula juu ya karatasi hiyo ili ajue dirisha lianze umbali gani kutoka kwenye kona ya chumba, atapata mita moja pale mbunifu alipokusudia mbili. Ndiyo maana ofisi makini huandika skeli pamoja na ukubwa wa karatasi, "1:100 kwa A1", huongeza kipimio cha mstari kinachopungua pamoja na mchoro, na huweka onyo kwamba vipimo vifuatwe kama vilivyoandikwa wala visichukuliwe kwa rula. Hayo yote huamuliwa mara moja, na mtu mmoja, siku anapotengeneza kiolezo cha karatasi za ofisi. Kwa kawaida ni kijana aliyeajiriwa karibuni, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu wakubwa wake waliiona ndogo.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mpiga chapa. Ofisi iliagiza karatasi za kunakilishia zenye fremu na jina la kampuni tayari, na mchoraji akajaza yaliyobaki kwa kalamu ya wino, akifuatisha kibao chenye matundu ya herufi. Baadaye AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea iliyotoka Desemba 1982, ikaifanya fremu kuwa kitu cha kubandikwa kwenye mchoro kikiwa na maswali yake: mradi gani, namba ngapi, nani amechora? Mchoraji alijibu kwa kuandika. Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na programu za aina ya Revit, iliyoanza kuuzwa Aprili 2000 na kampuni changa ya Massachusetts, Marekani, kisha ikanunuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002 kwa dola milioni 133. Humo jengo ni modeli moja, na kila mchoro ni mwonekano wa modeli hiyo. Ukuta ukisogezwa kwenye ramani ya sakafu, unasogea pia kwenye mkato na kwenye mwonekano wa mbele. Jedwali la kona nalo likaingizwa kwenye utaratibu huo. Visanduku vyake vingi havisubiri kuandikwa. Vinasoma kilichokwisha kuandikwa mahali pengine.

Anayelitengeneza hufungua faili ya peke yake, ambayo programu huiita familia, akachagua ukubwa wa karatasi, akachora mistari ya fremu na kuweka nembo. Kisha hufika kwenye uamuzi ambao wanaoanza huukosea: kipi kiwe maandishi ya kawaida na kipi kiwe lebo. Maandishi hukaa vilevile kwenye kila karatasi ya kila mradi. Lebo haina maneno yake. Huonyesha parameta, yaani taarifa inayotunzwa ama na mradi mzima, kama jina la mteja, ama na karatasi moja, kama namba yake. Jina la mteja likibadilika, hubadilishwa mara moja na karatasi zote hufuata. Jina la kampuni na anwani ya ofisi vinaweza kuwa maandishi, ingawa ofisi inayohama kila mkataba wa pango unapokwisha itajutia uamuzi huo.

Waundaji wa Revit hawakuwa na sababu ya kufikiria kitalu na kiwanja. Parameta walizoziweka zinatosha kwa mradi wa kwao: jina la mradi, mteja, anwani. Ofisi ya Dodoma au Mwanza inataka namba ya kiwanja, kitalu, halmashauri, namba ya usajili wa mbunifu, pengine na nafasi ya saini ya mkadiriaji majenzi. Haya huundwa kama parameta za pamoja, zinazohifadhiwa kwenye faili ya maandishi ambayo ofisi nzima inapaswa kuitumia. Hapa pana kisa ambacho wachoraji wengi wanakifahamu. Programu haitambui parameta kwa jina. Kila moja hupewa namba ndefu isiyofanana na nyingine yoyote, na hiyo ndiyo inayofuatwa. Wachoraji wawili wakiunda kila mmoja "Namba ya Kiwanja" kwenye faili yake, kwa macho ya binadamu wameunda kitu kimoja. Kwa programu ni vitu viwili visivyojuana. Kwenye kisanduku panapotarajiwa namba, panatokea alama ya kuuliza. Mchoraji atafuta, ataunda upya, ataipa tena jina lilelile, na alama ya kuuliza itarudi, mpaka mtu mzima wa ofisi amwelekeze kwenye faili moja iliyo kwenye seva.

Kuna visanduku ambavyo mashine huvijaza kwa uaminifu wa kupendeza. Karatasi ikibeba mchoro wa 1:100 pamoja na mwingine wa 1:20, kisanduku cha skeli hakichagui mmojawapo. Huandika kwa Kiingereza kwamba skeli ni kama ilivyoonyeshwa penyewe. Ni jibu la kukwepa, lakini si la uongo. Namba za karatasi pia hulindwa: kwa kawaida programu huzuia karatasi mbili za mradi mmoja zisichukue namba moja. Wamarekani wameizoea namba kama A-101, ambamo A ni usanifu majengo, tarakimu ya kwanza ni aina ya mchoro, 1 ikiwa ramani za sakafu, 2 mionekano ya nje, 3 mikato, na mbili za mwisho ni mfuatano. Mhandisi wa miundo hupata S, wa umeme E. Mtu aliyezoea mpangilio huo huijua karatasi kabla hajaiona.

Halafu kuna visanduku vya watu.

Karatasi mpya inapozaliwa ndani ya Revit, kisanduku cha aliyechora hakiachwi wazi. Kimejazwa neno la Kiingereza "Author". Cha aliyekagua kimejazwa "Checker", cha aliyebuni "Designer", cha aliyeidhinisha "Approver". Waundaji walikusudia maneno hayo yashike nafasi tu, mtu ayafute na kuandika jina lake. Lakini jedwali lililojaa haliombi kitu. Jicho la mtu aliyechoka, saa nne usiku kabla ya siku ya kufungua zabuni, linaona visanduku vyote vina maandishi na linapita. Ndivyo michoro inavyotoka ofisini, Dar es Salaam sawa na London, ikitangaza kwamba imekaguliwa na bwana Checker na kuidhinishwa na bwana Approver. Wengi katika fani wamewahi kucheka walipokutana nayo. Kicheko hicho kina haki yake, ila kinaficha swali: kama jina halikuandikwa, ukaguzi ulifanyika?

Tarehe ina kasoro ya namna hiyohiyo. Kisanduku cha tarehe ya kutolewa hujazwa chenyewe siku karatasi inapoundwa. Mchoro unaweza kuundwa Januari, ukafanyiwa kazi miezi mitano, ukatolewa Juni, na kona ikaendelea kusema Januari. Mwaka mmoja baadaye, wakati mkandarasi na mwenye mali wanabishana kuhusu mchoro uliokuwa halali siku nguzo zilipomwagwa zege, tarehe hiyo italetwa mezani kama ushahidi.

ISO 7200, katika toleo la mwaka 2004, imetaja taarifa chache tu kuwa za lazima: mmiliki halali, namba ya utambulisho, tarehe ya kutolewa, namba ya karatasi, kichwa, aina ya hati, aliyeiunda na aliyeiidhinisha. Skeli haimo. Lugha imo kama jambo la hiari, na yafaa kusemwa kwamba michoro mingi ya Tanzania bado huandikwa kwa Kiingereza kuanzia kichwa hadi maelezo madogo, ingawa kila neno linalosemwa saiti kati ya fundi, saidia fundi na mwenye nyumba ni la Kiswahili. Kati ya vitu vinane vya lazima, sita ni habari za karatasi au za mali. Viwili vya mwisho ni vya watu wenye mikono na akili, na ndivyo pekee ambavyo hakuna mashine inayoweza kuvijua. Programu inajua karatasi ni ya ngapi. Haijui kama yule mzee mwenye leseni aliinama juu yake akafuatilia ngazi kutoka chini hadi juu akihesabu vidato.

Mbunifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alikuwa na jawabu lake kwa jambo hilo: mraba mdogo mwekundu kwenye mchoro, na herufi za jina lake ndani yake. Alikuwa mtu wa kujikweza, hilo halina ubishi, na mraba ule ulikuwa pia tangazo. Baadaye uligeuzwa vigae vyekundu vilivyobandikwa kwenye baadhi ya nyumba zake. Hata hivyo ulikuwa na sifa ambayo kisanduku cha kompyuta hakina. Usipotiwa, haupo.

Kuhusu gharama ya muhuri uliogongwa bila ukaguzi wa kweli, wahandisi bado wanafundishwa mfano wa Kansas City, Marekani. Jioni ya 17 Julai 1981, ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, njia mbili za juu za kupitia watu, moja ikining'inia chini ya nyingine, zilianguka juu ya umati uliokuja kucheza dansi. Watu 114 walikufa. Usanifu wa awali ulionyesha fito ndefu za chuma kutoka darini zikipita njia ya juu na kushika ya chini. Kiwanda kilichotengeneza vyuma kikaona ni rahisi zaidi kuzigawa: fito za kwanza zishike njia ya juu, nyingine zianzie hapo kwenda chini. Kwenye karatasi tofauti inaonekana ndogo, lakini maungio ya njia ya juu yalilazimika kubeba uzito maradufu. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata ule usanifu wa awali haukufikia kanuni za ujenzi za jiji. Michoro ya kiwanda yenye mabadiliko hayo ilikuwa imepita ofisi ya wahandisi na kurudi na muhuri wao. Shauri la nidhamu lililofuata katika jimbo la Missouri liliwaona wahandisi wawili kuwa na hatia ya uzembe mkubwa, wakanyang'anywa leseni. Utetezi kwamba kazi ya kukagua kiungo kile ilikuwa ya upande mwingine haukuwasaidia. Muhuri ulikuwa wao.

Afrika Mashariki nayo ina mihuri yake. Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010, na wahandisi na makandarasi wana bodi zao. Kenya, wabunifu majengo na wakadiriaji wanasajiliwa chini ya Sura ya 525. Sheria hizo zinapokutana na barabara, zinaonekana kwenye kibao cha mradi: bati lililosimamishwa mbele ya uzio wa mabati mengine, likitaja mwenye mali, mbunifu, mhandisi, mkadiriaji na mkandarasi, na stika za bodi zimebandikwa. Ni jedwali la utambulisho lililotolewa kwenye karatasi na kupandwa ardhini ili mpita njia alisome. Saiti isiyo na kibao huwatia watu shaka mara moja. Mchoro usio na majina kwenye kona hauwatii shaka hata kidogo, labda kwa sababu wanaoliona bati ni wengi kuliko wanaouona mchoro.

Majina hayo yana historia yake pia. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini majengo makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam yalibuniwa na ofisi za wageni. Beda Amuli, aliyesoma katika chuo cha Technion nchini Israel, alifungua ofisi yenye jina lake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na hutajwa mara nyingi kuwa Mwafrika wa kwanza wa eneo hili kuongoza ofisi yake ya usanifu majengo. Soko la Kariakoo, lenye paa la miavuli ya zege, lilitoka mikononi mwake katika miaka ya 1970. Soko hilo lilipoungua Julai 2021, jina lake lilirudi vinywani mwa watu ambao hawakuwa wamewahi kujiuliza nani alilibuni. Mbunifu hukumbukwa namna hiyo, jengo linapopata msiba. Siku nyingine zote jina lake hukaa kwenye kona za karatasi.

Upande wa pili wa sarafu hiyo uko kwenye simu za mkononi. Ramani za nyumba za vyumba vitatu, nyingine na picha za rangi zenye bustani na gari la kifahari, huuzwa mitandaoni kwa bei ya kuku wachache. Zinanakiliwa, zinauzwa tena, na kinachokatwa kwanza ni kona. Anayenunua anapata kuta, milango na madirisha. Asichopata ni mtu wa kumuuliza kama msingi huo unafaa udongo wa mfinyanzi wa kwake. Mwandishi wa makala haya haoni ajabu kwamba watu wanazinunua. Ada ya mbunifu aliyesajiliwa ni mzigo kwa mwalimu wa shule ya msingi. Lakini ni vizuri kujua kilichokatwa.

Kwa mchoro wenye kona kamili, sehemu inayozeeka haraka ni orodha ya marekebisho. Kila badiliko hupewa herufi au namba, tarehe na maelezo mafupi, na kwenye mchoro sehemu iliyoguswa huzungushiwa mstari wa mfano wa wingu na pembetatu ndogo. Ofisi za Uingereza zinazofuata kiwango cha ISO 19650 huandika P01, P02 wakati mchoro ungali wa awali, kisha C01 unapokuwa wa mkataba. Revit hujaza orodha hii yenyewe kutoka kwenye mawingu yaliyochorwa, na ina kisanduku cha kutiki kuonyesha kwamba marekebisho yamekwisha kutolewa. Kikishatikiwa, mawingu ya toleo hilo hayaguswi tena. Ulinzi huo ni mzuri hadi pale mtu anapogundua kwamba tiki inaweza kuondolewa na yeyote mwenye faili, akarekebisha, akairudisha. Kwenye wino, kufuta kulikuwa kwa wembe, na wembe uliacha alama kwenye karatasi.

Kwa hiyo kijana aliyepewa kazi ya kiolezo ana uamuzi mzito kuliko alivyoambiwa. Kila kinachoweza kusomwa na mashine bila kukosea, aiachie mashine: namba, jina la mradi, kiwanja, toleo. Visanduku vya watu avitoe mikononi mwake. Afute yale maneno manne ya Kiingereza kutoka kwenye kiolezo, aache nafasi wazi na nyeupe kabisa, isiyoweza kudhaniwa kuwa imejazwa. Kama ofisi ina nidhamu kidogo, aongeze orodha ya karatasi iliyochujwa ili ionyeshe zile tu ambazo kisanduku cha aliyekagua kiko tupu. Orodha hiyo ikiwa ndefu siku ya kutuma, mkuu wa ofisi ataiona kabla ya mkandarasi.

Karatasi yenyewe inazidi kupungua. Nairobi imepokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao kwa zaidi ya miaka 10, na Tanzania imeelekea huko pia. Faili iliyopakiwa haikunjwi, wala haina haja ya kona. Anayeituma hutambuliwa kwa akaunti na nywila, na katika ofisi ndogo nywila ya mwenye leseni mara nyingi inajulikana na wachoraji wake wote. Baadhi ya ofisi huchapa msimbo wa QR kando ya jedwali, ili mtu wa saiti auskani kwa simu na kujua kama karatasi iliyo mkononi ndiyo toleo la mwisho. Toleo linajibiwa papo hapo, mradi kuna bando. Aliyekagua bado anatafutwa kwenye herufi mbili za jina lake, na zisipokuwepo, msimamizi wa saiti huacha kazi ya nondo, akapiga simu ofisini kuuliza.